Mahakama imeamuru ulipwe fidia. Sasa nani anakulipa?

Kalamu Nyeusi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kesi ya jinai ikiisha, humu ndani tunahesabu miaka tu. Kala kumi, kala thelathini, kala maisha, uzi unafungwa. Aliyevunjwa taya, au aliyetapeliwa akiba yake yote, kaondoka mahakamani na nini? Hapo huwa hakuna wachangiaji.

Kuna imani mbili nazikuta kila mahali. Moja, kwamba fidia haipatikani mpaka ufungue kesi nyingine ya madai baada ya ile ya jinai kwisha. Pili, kwamba hakimu akishatamka "amlipe mlalamikaji kiasi fulani", kilichobaki ni kwenda kuchukua. Zote mbili zinawaumiza watu, na ya pili ndiyo inaumiza zaidi.

Nianze na ya kwanza. Katika nchi nyingi, mahakama ile ile iliyomtia mtu hatiani ina mamlaka ya kumwamuru amlipe aliyemdhuru, hapo hapo, pamoja na adhabu. England na Wales walianzisha amri za fidia kwa sheria ya mwaka 1972. Leo huko, hakimu ambaye angeweza kutoa amri hiyo na hakuitoa anatakiwa kusema sababu. Na mfuko wa mshtakiwa usipotosha kulipa faini na fidia kwa pamoja, fidia inatangulia. Hilo la mwisho nalipenda sana, kwa sababu faini inaingia serikalini na fidia inaingia kwa aliyeumia.

Marekani, sheria ya mwaka 1996 inazibana mahakama za shirikisho: kwa makosa mengi ya vurugu, wizi na utapeli, ni lazima ziamuru hasara yote ilipwe, mwenye hatia awe tajiri au fukara. Ufaransa wana njia nyingine. Aliyedhuriwa anaingia kwenye kesi ya jinai kama mhusika kamili, ana wakili wake, anadai fidia yake, na mahakama inaamua yote kwa pamoja. Ujerumani nao wanaruhusu madai ya fidia yasikilizwe ndani ya kesi ya jinai. Azimio la Umoja wa Mataifa la tarehe 29 Novemba 1985 kuhusu haki za wahanga wa uhalifu linazitaka serikali zifikirie malipo ya mkosaji kuwa sehemu ya adhabu, juu ya adhabu nyingine.

Kwa hiyo kwenye karatasi, mambo safi.

Sasa imani ya pili. Wakaguzi wa bunge la Marekani walikagua deni la fidia zilizoamriwa na mahakama za shirikisho. Mwisho wa mwaka wa fedha 2016, dola bilioni 110 zilikuwa hazijalipwa, na kati ya hizo bilioni 100 serikali yenyewe ilizihesabu kuwa hazikusanyiki, kwa kuwa wadaiwa hawana kitu. Nchi tajiri, yenye kompyuta na maafisa wa kufuatilia madeni, na bado.

Mfano wa pili ni wa zamani ila hausahauliki. Miaka ya 1950, mwanaharakati wa Uingereza aitwaye Margery Fry alitoa hesabu ya mtu aliyeshambuliwa na watu wawili akapofuka macho. Aliamuliwa alipwe pauni 11,500. Kwa kuangalia uwezo wa wale wawili, kila mmoja akapangiwa shilingi 5 kwa wiki. Pauni moja wakati ule ilikuwa na shilingi 20, kwa hiyo wote wawili walikuwa wanaleta nusu pauni kwa wiki. Gawanya mwenyewe: wiki 23,000. Kipofu yule alitakiwa aishi miaka 442 zaidi ili amalizane na wadeni wake.

Msimamo wangu ni huu: amri ya fidia isiwe ugomvi wa pesa kati ya aliyepigwa na aliyempiga. Serikali imlipe mhanga, halafu yenyewe ndiyo imfuate mkosaji kwa deni hilo. Naomba kuwasilisha, karibuni tubishane.

Mshale

Mkuu umeandika vizuri ila hapo mwisho umeniacha. Mimi nisiyeiba wala kumpiga mtu, nalipa kodi, halafu kodi yangu ikalipe dhambi za jambazi? Yeye anakaa gerezani anakula bure kwa kodi yangu, na deni lake pia nimlipie mimi? Hapana. Auze alichonacho. Hana, afanye kazi humo ndani, mshahara uende kwa mhanga.

karani_mstaafu

Nimekaa miaka mingi kwenye ile meza ya chini ya hakimu, majalada yamepita mikononi mwangu mengi. Naomba niwaonyeshe fidia inapotelea wapi, maana mara nyingi inapotea hata kabla hatujafika kwenye suala la nani analipa.

Hakimu akishasoma hukumu na kumtia mtu hatiani, anamgeukia mwendesha mashtaka: una lolote kuhusu adhabu? Jibu ni mstari mmoja ninaoweza kuusema usingizini: "Mheshimiwa, hatuna kumbukumbu za makosa ya nyuma, tunaomba adhabu kali iwe fundisho." Anakaa. Kisha mshtakiwa anapewa nafasi ya kujitetea apunguziwe: ni kosa lake la kwanza, ana watoto, mama yake mgonjwa, anamtegemea. Hakimu anaandika yote hayo. Dakika chache baadaye anasoma adhabu, tunaita kesi inayofuata.

Aliyeumizwa yuko wapi muda huo? Alitoa ushahidi miezi mingi nyuma, akaambiwa "umemaliza, unaweza kwenda". Hakuna aliyempigia simu kumwambia hukumu ni leo. Unakuta kwenye jalada hamna risiti ya hospitali hata moja. Ipo fomu ya daktari inayosema jeraha ni kubwa au dogo, basi, kwa sababu hiyo ndiyo inayothibitisha kosa. Gharama haithibitishi kosa, kwa hiyo hakuna mpelelezi aliyeitafuta. Hakimu anayependa kutoa fidia ataandika kiasi gani? Akikisia, rufaa inakifuta.

Ndiyo maana huwa nawaambia watu: kuanzia siku ya tukio, weka kila karatasi. Risiti za dawa, za usafiri wa kwenda kliniki, barua ya mwajiri inayoonyesha siku ulizokosa kazi na ulichokatwa, bei ya kutengeneza kilichoharibiwa. Toa nakala, mpe mwendesha mashtaka kwa mkono kabla ya hukumu, na umwombe aziingize wakati wa hoja za adhabu. Uliza tarehe ya hukumu na uwepo. Sheria nyingi zinampa mhanga haki ya kueleza madhara aliyopata. Ukiwa umekaa pale na karatasi zako, mwendesha mashtaka anasimama tofauti kabisa.

Jambo jingine, usidai mbingu na ardhi. Mahakama ya jinai inapenda hasara inayoonekana: kiasi kilichoibwa, matibabu, mshahara uliopotea. Ukileta hesabu ya faida ambayo biashara yako ingepata miaka kumi ijayo, hakimu atakwambia hilo peleka kwenye madai, na mara nyingine hata kile kidogo kilicho wazi kinachelewa kwa sababu umekichanganya na kikubwa chenye utata.

Mama Wawili

Karani, ubarikiwe. Naomba niulize, maana mimi limenikuta.

Mdogo wangu alivamiwa akapigwa, mkono mpaka leo haukunjuki. Aliyempiga alikamatwa, akafungwa, na mahakama ikaamuru atulipe. Tulifurahi siku ile. Sasa jamaa yuko ndani, ndugu zake wanasema wao hawakushtakiwa na hawadaiwi. Nimeenda kuulizia naambiwa "fungua maombi ya kukazia hukumu". Nimeuliza maana yake, nikaambiwa nitafute wakili. Wakili naye anataka pesa. Yaani tudai pesa kwa pesa.

Mshale

Pole sana dada. Lakini ndugu zake wako sahihi, deni ni la aliyetenda.

karani_mstaafu

Pole mama. Mshale kasema kweli kuhusu ndugu, msigombane nao, mtapoteza muda. Cha kufanya:

Omba nakala ya hukumu na ya amri ya fidia zilizothibitishwa kwa muhuri wa mahakama. Zisome uone amri imeandikwaje. Katika sheria za nchi nyingi kuna njia mbili. Kuna amri inayokusanywa kama faini, yaani mahakama yenyewe inawajibika kumbana mdaiwa. Na kuna inayokaziwa kama hukumu ya madai, yaani wewe ndiye unayeomba mali ikamatwe. Usiondoke pale dirishani bila kujua yako ni ipi. Ikiwa ni ya kwanza, mrudishe karani kwenye kazi yake kwa upole na kwa maandishi.

Ikiwa ni ya pili, shida kubwa haitakuwa wakili, itakuwa mali. Mahakama haikutafutii mali ya mdaiwa, wewe ndiye unayeitaja: kiwanja chenye jina lake, chombo cha moto, akaunti, mshahara. Na angalia muda, maombi ya kukazia yana ukomo wake.

Swali moja: siku anakamatwa, polisi walichukua kitu chochote kutoka kwake?

Kalamu Nyeusi (mleta uzi)

Mama Wawili, pole. Kisa chako ndicho kilichonifanya nisimame pale niliposimama. Mdogo wako ameshinda kesi, na zawadi ya ushindi ni kupewa kazi ya ukusanyaji madeni dhidi ya mtu aliyemvunja mkono.

Sasa Mshale, nikujibu la kodi.

Wazo la serikali kulipa halikuanza kwa watu wa huruma nyingi. Kwa zama hizi, New Zealand walikuwa wa kwanza kulitungia sheria, mwaka 1963, na Uingereza ikaanzisha mpango wake 1964. Na si lazima itoke kwenye kodi yako. Marekani wana mfuko wa wahanga ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1984, na unajazwa na faini za waliotiwa hatiani kwenye mahakama za shirikisho. Kampuni kubwa ikipigwa faini kwa udanganyifu, pesa ile inasaidia kumtibu mtu aliyechomwa kisu na kibaka asiye na senti. Ufaransa wanakata tozo ndogo kwenye kila mkataba wa bima ya mali, inaingia kwenye mfuko unaolipa wahanga wa ugaidi na wa makosa mengine makubwa.

Wanaonivutia zaidi ni Uholanzi. Tangu mwaka 2011, kwa makosa ya vurugu na ya kingono, hukumu ikishakuwa ya mwisho mkosaji anapewa miezi minane. Asipomaliza kulipa, serikali inamlipa mhanga kilichobaki, na ofisi ya serikali ya ukusanyaji inaendelea kumdai yeye. Mhanga hana haja ya kujua jamaa anaishi wapi wala ana pikipiki ya rangi gani. Baadaye wakaupanua mpango huo kwa makosa mengine, ila kwa ukomo wa euro 5,000.

Kuhusu kufanya kazi gerezani: sawa, ila angalia ujira wa mfungwa popote pale duniani, halafu urudi kwenye ile hesabu ya miaka 442.

Mzee wa Nyaraka

Nipite haraka tu. Mnayoyaita mapya ni ya kale kuliko wote tuliomo humu. Sheria za Hammurabi wa Babeli, karibu miaka 3,750 iliyopita, zinasema mtu akiporwa na mnyang'anyi asikamatwe, aliyeporwa ataapa mbele ya mungu ataje alichopoteza, na mji pamoja na mtawala wa eneo lile watamrudishia. Kama roho imepotea, mji na mtawala watawalipa ndugu wa marehemu mina moja (kipimo cha uzito cha kale) ya madini ya fedha. Mtawala mwenyewe, Mshale! Kazi yake ilikuwa kulinda, kashindwa, analipa.

Mshale

Hahaha mzee umeniweza. Huyo mtawala kulipa naunga mkono mia kwa mia.

Pilipili Kichaa

Mnaongea kama vile fidia ni kitu kitakatifu. Mimi nimeona upande wa pili. Mtoto wa mwenye nacho anagonga mtu au anapiga mtu, familia inakuja na bahasha, "tumeshamlipa mlalamikaji, Mheshimiwa", anapewa kifungo cha nje. Maskini kwa kosa lile lile anakwenda ndani. Hiyo si fidia, hiyo ni bei ya uhuru. Halafu kwa maskini kuna kinyume chake: "ulipe fidia, ukishindwa kifungo." Anafungwa kwa sababu ya ufukara.

Wakili Pembeni

Pilipili, hoja yako ina uzito, na sheria nzuri inajaribu kuikata kwa kutenganisha mambo. Kanuni inayotajwa mara nyingi na majaji ni kwamba fidia haipaswi kumnunulia mtu adhabu nyepesi. Kutekelezwa kwake ni suala jingine, na hapo sikubishii. Malipo ya hiari kabla ya hukumu yanaweza kuhesabiwa kama dalili ya majuto, lakini hakimu makini anauliza: pesa imetoka kwa nani? Baba akilipa, mtoto amejuta nini?

Na la kumfunga asiyelipa, tofauti iko kati ya aliyekataa na aliyeshindwa. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1983, katika shauri la Bearden dhidi ya jimbo la Georgia, kwamba huwezi kumfutia mtu kifungo cha nje kwa kutolipa faini au fidia bila kwanza kuchunguza kama alikuwa na uwezo akakataa, au alijitahidi akashindwa.

Niongeze kitu ambacho hakijasemwa: fidia ya namna hii inaning'inia kwenye kutiwa hatiani. Hatia ikifutwa, nayo imekwenda. Mnamkumbuka Jean-Pierre Bemba, yule mwanasiasa wa Kongo aliyekuwa na wapiganaji wake? Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani mwaka 2016 kwa uhalifu wa askari wake Jamhuri ya Afrika ya Kati. Maelfu ya wahanga walikuwa kwenye mstari wa kupata fidia. Juni 2018 rufaa ikamwachia huru. Madhara yao hayakubadilika hata chembe, walibakwa na kuporwa vile vile, lakini amri ya fidia haikuwezekana tena. Mfuko wa wahanga wa mahakama hiyo ukaamua kuwasaidia kwa njia yake nyingine, ile isiyohitaji mtu kutiwa hatiani.

Na hata pale hatia inaposimama, mara nyingi mahakama hiyo haikutani na matajiri. Germain Katanga, kamanda wa wanamgambo, kwa shambulio la kijiji cha Bogoro, Kongo: Machi 2017 wahanga 297 waliamuliwa dola 250 kila mmoja kama ishara, pamoja na misaada ya pamoja ya makazi, elimu na kipato. Dominic Ongwen, kamanda wa kundi la waasi la LRA kaskazini mwa Uganda: Februari 2024, zaidi ya euro milioni 52, kwa wahanga wanaokadiriwa 49,772, kila mmoja euro 750 za ishara. Ongwen hana kitu, majaji wenyewe walisema. Kwa hiyo macho yote yako kwenye mfuko, na mfuko unategemea michango ya hiari ya mataifa.

Mzee wa Nyaraka

Usimsahau Hissène Habré, rais wa zamani wa Chad. Mahakama maalumu ya Dakar ilimfunga maisha mwaka 2016. Mwaka uliofuata rufaa ikathibitisha, ikaamuru zaidi ya faranga za CFA bilioni 82 kwa wahanga 7,396. Habré akafa Agosti 2021 bila hao watu kuona fidia hiyo. Chad ilianza kulipa sehemu mwaka 2024, kwa hukumu nyingine ya mahakama ya N'Djamena dhidi ya watu wake wa usalama. Wengi walikuwa wameshazikwa.

Wakili Pembeni

Ahsante mzee. Linganisha na Bernard Madoff, tapeli wa uwekezaji wa Marekani aliyefungwa miaka 150 mwaka 2009. Mfuko wa wahanga wake ulimaliza malipo Desemba 2024: zaidi ya dola bilioni 4 kwa watu zaidi ya 40,000, karibu asilimia 94 ya walichopoteza. Siri haikuwa ukali wa amri. Wanasheria walifuata pesa zilikokwenda, wakazidai kwa benki na kwa wale waliochota faida, mapema, kabla hazijayeyuka. Wahanga wa kawaida hawafanyiwi hivyo. Mali ya mshtakiwa ingezuiwa siku anayofunguliwa mashtaka, nusu ya uzi huu isingekuwepo.

Pilipili Kichaa

Hapo kwenye kuzuia mali mapema nakubali. Siku ya kukamatwa ana gari, siku ya hukumu gari ni la shemeji.

Mshale

Kalamu, nimerudi nyuma kidogo. Mfuko wa faini nakubali. Kodi yangu bado hapana. Ila kuna kitu: serikali ikianza kulipa si kila mtu atajipiga konde aende kuomba?

Kalamu Nyeusi (mleta uzi)

Ndiyo maana mifuko ina masharti, na mengine ni makali kupita kiasi. Mpango wa Uingereza unataka uwe umeripoti polisi, umeshirikiana nao, na kwa kawaida ombi lifike ndani ya miaka miwili. Kuna wahanga halisi wanaokataliwa kwa sababu wao wenyewe waliwahi kutiwa hatiani kwa kosa jingine ambalo rekodi yake haijafutika. Mtu kachomwa kisu leo, ananyimwa kwa wizi wa miaka ya nyuma. Kwangu hilo ni kosa, jeraha haliulizi rekodi. Lakini udanganyifu wa jumla kama unaouogopa, hapana, polisi na daktari wako katikati.

Mama Wawili

Karani, uliuliza kama polisi walichukua kitu. Nimeenda kuuliza. Walichukua pikipiki yake siku ile, alikuja nayo kwenye tukio. Bado ipo kwenye uwanja wa kituo, nimeiona kwa macho yangu, ina karatasi ya namba ya kesi imefungwa kwenye usukani. Afisa kaniambia inasubiri maelekezo.

karani_mstaafu

Mama, hilo ndilo nililokuwa nalitafuta. Usingoje. Kielelezo, yaani kitu kilichoshikiliwa kama ushahidi, kesi ikiisha kinakwenda njia tatu: kinarudishwa kwa mwenyewe, kinataifishwa, au kinatolewa kwa amri nyingine ya mahakama. Ikirudishwa kwa familia yake, itauzwa kabla hujageuka. Na kwa kuwa alikuja nayo kwenye tukio, upande wa mashtaka unaweza kuomba itaifishwe, hapo inakuwa ya serikali.

Kesho andika barua kwa mahakama iliyotoa hukumu, nakala kwa mwendesha mashtaka na kwa mkuu wa kituo. Taja namba ya kesi, namba ya usajili wa pikipiki, kiasi cha fidia ambacho hakijalipwa, na uombe isitolewe kwa mtu yeyote mpaka ombi lako la kuiuza kwa ajili ya fidia lisikilizwe. Ambatanisha ile nakala ya amri. Hakikisha kadi inasoma jina lake, isije ikawa ya mkopo. Na barua yako igongwe muhuri wa kupokelewa, wewe ubaki na nakala yenye tarehe.

Mshale

Kwa hiyo serikali na mhanga wanagombea pikipiki moja?

karani_mstaafu

Kila siku, kijana. Mama, ukipata tarehe ya kusikilizwa rudi hapa utuambie.